Bibi wa Darajani Hashushi Bei

Jambo lote limenigharimu shilingi laki moja na elfu tatu na mia tano. Nimehesabu mara mbili. Mashine ya gemu elfu sabini, pedi ya pili elfu kumi na mbili kwa sababu ya kwanza ilikuja na kitufe kilichokufa, sidii elfu kumi na tano, waya wa kuunganishia runinga elfu sita na mia tano. Hesabu ya kwanza iliishia hapo. Ya pili ilimkuta mchumba wa mpwa wangu, binti mwalimu wa Tongoni, na mpaka leo sijui nimwandike bei gani, wala kama ni mali iliyopotea au iliyochelewa tu.

Nauza vifaa vya umeme vilivyotumika, Ngamiani. Feni, pasi, redio, blenda, vitu vilivyokwisha kuchosha watu wa nchi nyingine. Na niseme mapema ili tusisumbuane: mimi si mtu wa kununua kitu kwa bei iliyotajwa. Hata sanda ya marehemu shangazi niliiombea punguzo, nikapewa, na nina hakika marehemu mwenyewe angenipongeza, maana ndiye aliyenifundisha.

Kununua kuna hatua zake. Unauliza bei. Unacheka. Unataja nusu. Muuzaji anaapa, na wewe unaapa. Kisha unageuka na kuondoka, taratibu, usionekane unakimbia mvua. Ndipo anakuita: "Njoo bwana, leta hiyo hiyo." Nimekuwa nikihesabu hatua hizi kwa miaka. Muuza mbao huita kwenye ya nane. Muuza nguo huita kwenye ya sita. Muuza samaki hafiki ya nne, kwa sababu samaki wake hana subira kama yeye.

Ile mashine ilikuja dukani mikononi mwa mtu aliyetaka laki moja na ishirini. Niliondoka dukani kwangu mwenyewe hatua saba, nikaitwa. Sidii iliyokuja nayo aliihesabu peke yake, mwizi yule, lakini nilipoitazama nililipa. Nilimfahamu mtoto aliyechorwa juu yake.

Makorora, nilipokuwa na miaka kumi na kitu, palikuwa na kibanda cha gemu chenye runinga mbili na saa ya mezani yenye kengele. Shilingi hamsini, dakika kumi. Wenzangu wote walicheza mpira, maana mpira una mwisho na mshindi, mtu unaona hela yako ilikokwenda. Mimi nilicheza ile ya mtoto wa kijiji cha chumvi. Anaamka, mama yake anamtuma maji, anaokota fimbo, anafukuzwa na mbwa, anapita mashimo ya chumvi, anafika kwenye daraja. Kengele inalia. Toka, mpishe mwenzio. Kesho yake unaanza upya: anaamka, anatumwa maji. Kwa miaka mitatu nilimfahamu mtoto huyo kutoka mlangoni kwao mpaka darajani, wala sikuwahi kumwona akivuka. Niliambiwa, na mtu ambaye naye aliambiwa, kwamba akivuka anaanza kukua: mabega yanapanuka, sauti inakuwa nzito, anapewa silaha za watu wazima. Mimi nilivuka, nikaoa, nikafungua duka, nikapata kitambi. Yeye nilimwacha pale na ndoo.

Ndiyo sababu niliinunua. Mke wangu nilimpa sababu nyingine.

"Umenunua nini hiki?"

"Mzigo wa dukani."

"Mbona unauchezea?"

"Naujaribu. Mteja hauziwi kitu kisichojaribiwa."

"Siku ya ngapi leo unajaribu?"

"Ya pili."

"Ya tano," akasema. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi na hupita dukani akitoka kazini, kusahihisha madaftari kwenye kona yenye feni nzuri. Na yeye huhesabu. Ndiyo maana tumedumu.

Nilihitaji awepo kwa sababu maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kwenye makasha: volti, tahadhari, usiweke karibu na maji. Siku hiyo nilifika darajani kwa mara ya mia ngapi sijui, na kwa mara ya kwanza maishani hapakulia kengele. Darajani amekaa bibi kizee na taa ya kuning'iniza. Mbele yake pango, giza tupu.

"Anasemaje?"

"Anauza taa. Sarafu mia tatu."

Nikacheka. Nilikuwa na mia tatu na kumi na mbili, nilizookota chini ya kila jiwe la kijiji kile. Taa moja? Ya mafuta? Nikabonyeza "hapana".

"Anauliza tena. Mia tatu."

"Hapana."

"Mia tatu, anasema. Mara ya mwisho."

"Wote husema hivyo." Nikabonyeza hapana, nikamgeuza mtoto, nikamwondosha taratibu. Nikahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Kwenye ya sita nikapunguza mwendo. Kwenye ya tisa nikasimama, nikamwacha mtoto ajikune. Kwenye ya kumi na mbili nikageuka mwenyewe, kwa aibu.

Bibi alikuwa anakunja mkeka.

"Amesema nini?"

"Kwaheri," mke wangu akasema, bila kuinua kichwa.

"Kwaheri vipi? Hata hajashusha!"

"Bwana, huyo amechorwa. Hana watoto wa kulisha."

Nilirudi siku tatu kuchungulia kama amefungua. Hakufungua. Niliingia pangoni bila taa na niliuawa na kitu nisichokiona mara kumi na tisa. Mke wangu anasema ishirini na moja. Mwishowe nikaanza upya kabisa: anaamka, anatumwa maji. Safari ya pili nilibadilisha mbinu, nikafika darajani jioni ya mle ndani ya gemu, nikiamini mtu akikaribia kufunga hulegea. Mia tatu. Nikaondoka hatua ishirini. Mkeka ukakunjwa. Nikaanza upya tena.

Katika siku hizo akaja mama mmoja kutaka feni ya mezani. Mimi niko kwenye mashimo ya chumvi, mbwa wawili wako nyuma yangu, pedi ile mbovu mkononi.

"Feni bei gani?"

"Elfu thelathini na tano."

"Nina ishirini."

"Chukua."

Sikumtazama, mbwa mmoja alikuwa ameshanifikia kisigino.

"Nimesema ishirini," akarudia.

"Nimekusikia mama. Chukua, weka hela mezani."

Akaizunguka ile feni. Akainusa, wallahi. Akaiwasha, ikazunguka vizuri. Akaizima haraka, kama imemtukana.

"Ina ubovu gani?"

"Haina ubovu."

"Sasa mbona umekubali?" Akaiacha na kwenda duka la jirani, akanunua mbovu zaidi kwa elfu ishirini na nane, baada ya kugombana robo saa. Nilimwona akipita nayo, amefurahi. Nilimcheka sana. Nilimwambia mke wangu kuna watu hawawezi kusaidiwa.

Nilikuwa na somo lote mezani, limezimwa, na mimi nalicheka.

Safari ya tatu nilifika kwa bibi nimechoka. Nikabonyeza "ndiyo" kama mtu anayemeza dawa. Mia tatu zikaondoka. Nikabaki na tisa, maana safari ile nilikuwa nimezembea kuokota. Bibi akasimama, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akamkabidhi mtoto taa kwa mikono miwili.

"Soma," nikamwambia mke wangu. "Soma pole pole."

Akaweka kalamu chini. "Anasema: watoto wote wanaopita hapa huniomba nipunguze. Wewe umeshakuwa mtu mzima."

Na pale pale mabega ya yule mtoto yakapanuka. Ndoo ikamtoka mkononi. Akaita kuelekea pangoni, na sauti iliyorudi ilikuwa nzito. Miaka thelathini nilikuwa nikiisubiri sauti ile.

"Unalia?" mke wangu akauliza.

"Vumbi la feni."

"Mwanaume mzima ana miaka arobaini na tatu, anasifiwa na katuni."

Lakini lile neno liliniingia. Niwaambie ukweli wake: nilitembea wiki nzima nikijiona mpya. Nilinunua nyanya kwa bei iliyotajwa. Nilimlipa fundi viatu alichosema, akanitazama kama nimefiwa. Nikaanza kuwaona wenzangu wa sokoni, wanavyoapa na kuondoka na kurudi, kama watoto wenye ndoo. Mtu akipata ujinga mpya katika umri wangu huuvaa kama kanzu ya Idi.

Sasa mpwa wangu. Ni mtoto wa dada yangu, fundi wa kuchomelea mageti, Makorora, kijana mwenye heshima na nyusi zilizoungua kidogo. Barua ya posa ilikwisha kupelekwa Tongoni na kujibiwa vizuri. Ikabaki siku ya kwenda kukaa na kukubaliana, ili ndoa ifungwe ndani ya Shaabani, kabla ya mfungo. Ukoo mzima ulinichagua mimi niwe mshenga, kwa sifa moja tu, ambayo nilikwisha kuikana bila kumwambia mtu.

"Mjomba," kijana akaniambia, "nakuamini wewe tu. Ungenunua hata jela ukarudishiwa chenji."

Kwa wasiojua mambo yetu: mahari yenyewe ni ya binti, anataja mwenyewe na haichezewi. Huyu alitaja msahafu na cherehani, basi. Mabishano yako kwingine: kilemba cha baba, mkaja wa mama, kufungua mlango, na vingine ambavyo wakubwa huvikumbuka kadiri chai inavyozidi kunyweka. Hapo ndipo watu hushindana. Sisi tulipanga wakianzia juu tuteremke nao mpaka laki nne na nusu. Kijana alikuwa na laki tisa za shughuli nzima, pilau ikiwemo.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi, mimi na jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, ambaye kazi yake ilikuwa kuitikia na kushuhudia. Tulipokewa na baba mdogo wa binti. Ni mnunuzi wa nazi wa jumla, mtu mwenye vidole vinene vilivyozoea kugonga nazi na kuitia kasoro. Bibi wa binti alikaa nyuma ya pazia, na tulimwamkia hapo hapo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Karibuni, karibuni sana. Mmejiandaa?" Akacheka. Wanawake wengine nyuma ya pazia nao wakacheka. Nyumba nzima ilikuwa imejiandaa kwa burudani.

Baba mdogo akakohoa. Akakunja mikono ya kanzu mara mbili kila upande. "Sisi hatuna makuu," akaanza, na kila mtu alijua makuu yanakuja. "Kilemba, laki tano. Mkaja, laki mbili na nusu. Kufungua mlango, elfu hamsini." Akaegemea ukuta, akafumba jicho moja, akangoja nimtukane kwa adabu.

Nikamwona bibi wa darajani. Nikaona mkeka unakunjwa.

"Tumekubali," nikasema.

Mzee wa reli akanifinya paja. Nilidhani ananipongeza.

"Umesemaje?" baba mdogo akauliza.

"Tumekubali. Yote."

"Kilemba?"

"Laki tano, ndiyo."

"Na mkaja?"

"Na mkaja."

"Mimi sijamaliza kutaja." Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Kuna ada ya ufito. Elfu hamsini."

"Na huo."

Sasa alikuwa amekaa wima. Nilimjua yule mtu, maana nimekuwa yeye mara elfu: alikuwa anapiga hesabu ya pesa alizoziacha. Kama nimekubali laki nane na nusu bila kupepesa, si ajabu ningekubali milioni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa na mwizi aliyemlipa.

Nyuma ya pazia cheko lilikwisha kukatika. Bibi akauliza, pole pole, "Kijana ana nini?"

"Hana kitu, bibi. Mzima kabisa."

"Kama hana kitu, mbona mnakimbia?"

"Hatukimbii, bibi. Tunamheshimu binti. Sisi ni watu wazima."

"Mama yako mzazi angekueleza," akasema. "Kwangu mimi walikaa siku mbili. Baba yangu alirusha kofia chini. Mshenga aliondoka mara tatu, wakamfuata mpaka njiani. Hivyo ndivyo nilivyojua wananitaka. Huyu mjukuu wangu ana kosa gani, achukuliwe kama kitu kinachoharibika?"

Na balaa lenyewe lilikuwa bado. Mchele ulikuwa haujatiwa sufuriani. Walikadiria ubishi wa saa mbili, wakapanga pilau iive wakati wa kupatana. Tulimaliza kwa dakika nne. Kwa hiyo tulikaa, watu watatu na pazia, saa mbili kamili, hakuna neno lililobaki duniani la kusema. Mzee wa reli alitaja mvua. Baba mdogo alikubali kwamba kuna mvua. Nikahesabu boriti za dari: kumi na saba. Nikarudia: kumi na saba. Pilau ilipokuja ilikuwa nzuri sana, na kila mtu alikula kama yuko matangani.

Njiani mzee wa reli alisema jambo moja tu. "Kazini kwetu treni ikifika kabla ya saa yake, tulijua imeacha watu."

Baada ya siku tatu wanawake wawili walifika kwa mpwa wangu kuuliza bei ya geti. Walilibishania geti ambalo hawakuwa na nyumba ya kuliweka, huku wakimtazama miguu, macho, na anavyopumua. Mmoja alimuuliza kama huanguka kifafa mwezi ukiandama. Mwingine alikwenda kwa jirani zake kijana kuuliza kama ana mtoto wa nje kijijini Mwera. Hakuna mtoto Mwera. Lakini sasa Makorora nzima inajua kwamba liliulizwa, na kuna wanaosema anafanana naye.

Kisha likaja neno lenyewe kutoka Tongoni. Hawajakataa, ila hawajapokea. Fedha tuliyowaachia Jumamosi kwenye leso imerudi ikiwa imefungwa kwenye leso ile ile. Bibi anasema haelewi watu wanaonunua hivyo. Na yuko mtu mwingine, mwenye lori la kubeba nazi, ambaye mwaka juzi aligombania kilemba cha binti huyu siku mbili akashindwa. Huyo amesikia, na amerudi kupiga hodi.

Mpwa wangu alikuja dukani mchana huo, koti la kuchomelea bado begani. Nilikuwa nimefika mbali: yule mtoto ana miaka kumi na tisa, ana taa, ana ndevu tatu.

"Mjomba, hebu nieleze. Polepole. Wewe, wewe, ulikubali bei ya kwanza?"

"Nilitaka tuonekane watu wazima."

"Nani kakwambia watu wazima hufanya hivyo?"

Nikatazama runinga. Mke wangu kwenye kona akatazama madaftari yake, mabega yanamtikisika.

"Bibi mmoja," nikasema.

"Bibi gani?"

"Wa darajani," mke wangu akamsaidia. "Anauza taa."

Kijana alitazama runinga, akanitazama mimi. Sitaieleza sura yake, kwa sababu ni mtoto wa dada yangu na nimemlea. Alichomoa waya, akaukunja vizuri, akaweka mashine, pedi zote mbili na sidii ndani ya mfuko wa saruji. Hata mfuko alikuja nao.

"Hii ni rehani," akasema. "Utaipata siku nikioa. Na mchumba wangu amepiga simu asubuhi, mjomba. Ananiuliza mimi kama namtaka. Mimi!" Akaondoka, na nilijikuta nahesabu hatua zake, nikitaka kumwita, nikakosa cha kumwitia.

Mke wangu anasema dawa ni rahisi: nirudi, nilete vurugu. Niseme siku ile nilikuwa na homa, sikujua nilichokubali, sasa nimepona na kilemba laki tano ni wizi wa mchana. Mzee wa reli anasema nikifanya hivyo nitakuwa nimevunja neno la mshenga, na neno la mshenga likivunjika mara moja hakuna atakayenituma hata chumvi. Nikiongeza pesa, watathibitisha kuwa kijana anaanguka. Nikikaa kimya, Shaabani imebaki na siku kumi na moja. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili zimekuwa kumi, kwa sababu mwezi nao huandama bila kuuliza.

Kwa hiyo Ijumaa baada ya sala nakwenda Tongoni, na nimempelekea bibi wa binti salamu asitie mchele mapema. Nimeuza bidhaa mbovu kama nzima, nimenunua nzima kama mbovu, lakini bei niliyokwisha kuikubali sijawahi kuishusha. Kama yuko msomaji aliyewahi, anifikishie kabla ya Ijumaa: mtu akae wapi, arushe kofia saa ngapi, na kwenye laki nane na nusu aliyoikubali mwenyewe, mbele ya mashahidi, aanzie ngapi?